Ramani Ilikuwa Yangu

Ramani ilikuwa yangu. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema neno lingine. Niliinunua kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba mjini Kisumu, nikaibandika kwenye ukuta wa gereji yangu hapa Otonglo, juu ya meza ya spana. Kwa kalamu nyekundu nikachora njia nitakayopita siku nikipata gari la kunifikisha: nitoke hapa nivuke mpaka kule Sirari, niteremke Tanzania nzima hadi Tunduma, niingie Zambia niyaone maporomoko ya Zambezi, nivuke kwenda Botswana kwenye tembo wanaosimama barabarani, nikate jangwa la Namibia, nikomee Cape Town, nchi kavu inapoishia. Wateja wageni waliniuliza hiyo ni nini nikawaeleza. Wateja wa siku nyingi walishaacha kuuliza.

Aliyekwenda ni mke wangu.

Mke wangu ni dereva. Kwao ni Usenge, kule Bondo, kwa hivyo nyumbani kwetu Nyakach hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni nyar Usenge tu, binti wa Usenge, kama ilivyo desturi yetu kumwita mke kwa alikotoka. Anaendesha pikapu ya samaki, alfajiri anapakia barafu na sangara ufuoni kwao, na kabla jua halijawa kali ameshafika Kisumu. Kuendesha nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kwenye barabara ya vumbi nyuma ya soko la Otonglo, katika gari la mteja ambaye hadi leo hajui, na siku ya kwanza aligonga kibanda cha mama wa mboga. Leo anarudisha gari nyuma kwenye kichochoro ambacho mimi mwenyewe ningeteremka kwanza nikipime.

Tajiri wake, mama mmoja mwenye magari ya samaki, alikuwa na Land Cruiser kuukuu lenye roho ngumu. Siku moja mke wangu aliniletea gari hilo gereji akasema mama anataka litengenezwe kila kitu, kwa sababu yeye na rafiki zake wawili wanataka kwenda nalo Cape Town kwa barabara.

"Cape Town hii?" nikauliza, nikionyesha ukutani.

"Hiyo hiyo, Baba."

Sikulala vizuri wiki hiyo kwa furaha. Nilijiambia, watu wanaokwenda safari ya namna hiyo lazima wabebe fundi. Nani atakubali kuingia jangwani bila fundi? Nikalifanyia kazi gari lile kuliko nilivyowahi kulifanyia gari la mtu. Nilibadilisha bushi zote, mikanda, beringi za magurudumu, nikachomelea kichanja cha madumu juu ya paa, nikaweka tangi la pili la dizeli. Kiti cha mbele upande wa abiria nilikishona upya kwa mkono wangu, na sitaficha kwamba nilikipima kwa makalio yangu mwenyewe.

Mama mwenye samaki alipokuja kulichukua, alizunguka akaridhika. Kisha akasimama mbele ya ramani akaitazama kwa muda mrefu.

"Fundi, hii mstari ulichora wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Imefanyiwa kazi kabisa. Unaweza kutuazima? Sisi tunaenda wanawake peke yetu, wanaume hatutaki stori zao. Madam wako ndiye ataendesha."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Nilipogeuka kumtazama mke wangu nikaona yeye hacheki. Alikuwa anatazama viatu vyake, na hapo nikajua kwamba alikuwa anajua tangu siku alipolileta gari.

"Wewe unasemaje?" mke wangu akaniuliza.

Wateja walikuwa wamejaa gereji, wote masikio wazi. Ningesema nini? Nikasema aende. Nikaibandua ramani kwa uangalifu isichanike, nikaikunja, nikampa. Pale ukutani pakabaki mraba msafi kati ya masizi, na kila aliyeingia baada ya hapo aliuona kabla hajaniona mimi.

Safari yao ilikuwa ipite Katito, kwetu Nyakach, kwa sababu barabara ya kwenda Kisii na mpakani inapita hapo, na boma letu haliko mbali na soko. Kwa hivyo tulilala nyumbani siku ya mwisho ili amuage mama yangu, na asubuhi wenzake wamchukue barabarani. Usiku ule alikuwa mpole kwangu mno. Kwa miezi tulikuwa tunarudi tumechoka, yeye ananuka samaki na mimi oili, tunapeana migongo. Siku hiyo hatukupeana migongo. Nilijipa moyo kwamba ameanza kunikosa hata kabla hajaondoka.

Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, aliniamsha nimchimbie mashimo machache nyuma ya jiko lake. Alisema anataka kutia mbegu za maboga, akirudi akute majani. Ulikuwa wakati wa kiangazi, udongo umekauka jembe linaruka. Nikamwambia hii ni kazi bure. Akasema nichimbe tu. Nilichimba nikipiga miayo, shati likiwa begani, yeye ananifuata nyuma akiwa ameinama, anatia na kufukia kwa mguu. Sikuangalia alichotia. Kisha akaoga, akavaa suruali yake ya jinzi, akaenda.

Nilibaki. Watoto wako shule za bweni, nyumba ya kupanga Otonglo ikawa yangu peke yangu, na nikagundua kwamba sijui chumvi inakaa wapi.

Siku za kwanza alinipigia sana, na lazima niseme nilifurahi. Gari lilikuwa linamtafuta fundi wake. Kule Tanzania lilipiga mluzi wakipanda mlima, nikamwambia azime, aweke simu karibu na injini, awashe tena. Nikasikiliza nikiwa nimelala chini ya gari jingine hapa Otonglo. Nikamwambia ni mkanda, aukaze nusu mzunguko. Akaukaza, mluzi ukaisha, nikasikia wenzake wakipiga makofi. Siku hiyo nilitembea sokoni kifua mbele.

Halafu picha zikaanza. Yeye na punda milia. Yeye amesimama chini ya kibao cha Tunduma. Yeye anakula sahani ya nshima, ambayo ni ugali kama ugali mwingine wowote, lakini aliipiga picha kana kwamba hajawahi kuona unga. Walipofika kwenye maporomoko alinipigia kwa video. Alikuwa amelowa chapachapa, kitambaa cha kichwa kimemtoka, anapiga kelele ili nimsikie.

"Unaona? Baba, unaona?"

"Ni maji tu," nikamwambia. "Hata ziwani kwetu kuna maji."

"Si kama haya! Hayana hata harufu ya omena!"

Alicheka. Mimi nilikata simu nikasingizia mtandao.

Nilikuwa na wivu. Sina neno zuri zaidi la kuupamba. Nilikuwa na wivu wa maji, wa barabara, wa wale wanawake watatu waliopokezana kiti nilichokishona. Watu wa Otonglo hawakunisaidia. Waliopita kwenda kununua nyanya walisimama mlangoni kuuliza, "Sasa fundi, madam amefika wapi?" Mmoja akasema, "Omera," yaani ndugu yangu, "wengine wameolewa hawajui," na gereji nzima ikacheka. Kanisani mchungaji alimwombea dada yetu aliye safarini Zambia, akamshukuru Mungu kwa wanawake jasiri, na akina mama wakageuka kunitazama kwa huruma, jambo lililoniudhi kuliko kicheko. Nilisema amina kwa sauti ndogo.

Lakini kilichonimaliza ni beringi.

Alinitumia picha kutoka Livingstone, mji ulio karibu na yale maporomoko. Gari liko juu ya jeki, gurudumu limetolewa. Kando yake amechutama mwanamume mmoja mwenye ovaroli safi, safi kabisa, ovaroli ambayo fundi wa kweli hawezi kuwa nayo. Mke wangu amechutama naye, mikono yote miwili imejaa grisi, na wote wawili wanacheka kitu ambacho hakimo kwenye picha.

Nikampigia.

"Ni nini imefanyika?"

"Beringi ya nyuma imekufa. Lakini imetengenezwa tayari."

"Mbona hukunipigia?"

"Si huyu alikuwa hapa hapa tu? Ningekupigia ufanye nini, Baba, uruke?"

"Ile beringi ni mpya. Niliiweka mimi."

"Amesema ilikazwa sana."

Nimekuwa fundi tangu nikiwa sina ndevu. Sijawahi kukaza beringi kupita kiasi. Siku nzima niliwaeleza wateja jinsi beringi inavyokazwa, hata wale waliokuja kujaza upepo tu. Na jioni ikaja picha nyingine. Ramani yangu imetandazwa juu ya boneti, na kutoka Livingstone kuna mstari wa bluu. Yule bwana wa ovaroli aliwashauri wasivuke kwenda Botswana, wapite Sesheke waingie Namibia kwa juu, njia ni nzuri na fupi. Mstari wake wa bluu uliachana na mstari wangu mwekundu ukaenda zake magharibi. Botswana yangu yote ikaachwa, na tembo wake. Mtu amechukua kalamu, akachora juu ya ramani yangu, na mke wangu amemshikia pembe isipeperuke.

Basi mvua zikaanza.

Hapa ni lazima nieleze jambo la kwetu. Mimi ni mtoto wa kwanza. Katika boma, hakuna anayetia mbegu shambani kabla ya nyumba ya mkubwa. Tangu baba atutoke, mama yangu alisema jembe la kwanza sasa ni la nyumba yangu. Mkubwa na mkewe ni lazima walale nyumbani kwao bila kupeana migongo, asubuhi watoke pamoja, mume achimbe na mke atie mbegu. Wakishatoa mbegu, ndipo wadogo wanafuata, kila nyumba kwa zamu yake. Kuna watu mjini wanaocheka mambo haya, lakini hata wao mvua ikinyesha utawaona wakipanda magari kurudi kwao. Asiyefuata akipatwa na jambo, hata kuku wake akifa, watu watasema alivuka zamu.

Mvua ilikuja mapema mwaka huo, na ilikuja ya kweli. Majirani walipanda. Boma letu likakaa. Ng'ombe wa kulimia walishamaliza kazi yao, mashamba yamelala wazi, meusi, yananukia, na hakuna mtu wa kuyagusa kwa sababu mke wa mkubwa yuko Namibia. Mdogo wangu anayenifuata alianza kunipigia kila asubuhi kunieleza hali ya hewa kana kwamba ni mtangazaji. Mkewe alishatoa mbegu zake, akazianika, akazirudisha, akazianika tena. Siku zikaenda hivyo.

Na mimi? Sijawahi kuipenda mila yetu kama nilivyoipenda siku zile. Nilipokuwa kijana niliibishia. Sasa niliiona ina hekima, ina mpango, inajua mahali pa mke ni wapi mvua ikinyesha. Sikuhitaji kusema nina wivu. Sikuhitaji kumtaja mtu wa ovaroli. Ningesema tu kwamba boma zima linangoja, na angelazimika kuacha gari, apande ndege au basi au chochote, arudi kabla hajafika Cape Town. Mstari wa bluu ungeishia mchangani. Hilo lilinipendeza mno.

Jumamosi nikafunga gereji, nikaenda Katito. Nilimkuta mama amekaa mlangoni kwake anachambua kunde, na mdogo wangu amesimama kando na jembe mkononi, kama aliyekuja kunidai.

"Wuoda," mama akasema, yaani mwanangu, "hawa watoto watakula nini? Mpigie mke wako."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo njia nzima. Nikaweka simu kwenye spika ili wote wasikie, maana nilitaka mashahidi. Iliita muda mrefu. Alipopokea, upepo ulikuwa unavuma kule alikokuwa.

"Uko wapi?"

"Namibia, kwenye vilima vya mchanga. Baba, mchanga mwekundu mpaka..."

"Mvua imenyesha," nikamkata. "Watu wote wamepanda isipokuwa sisi. Mama yuko hapa, ndugu yangu yuko hapa, tunakungoja wewe. Rudi nyumbani."

Upepo ukavuma.

"Ni mama amesema nirudi, ama ni wewe?"

"Ni mila."

"Niambie ukweli. Ni mila ama ni ile picha ya Livingstone?"

Mdogo wangu alianza kutazama juu ya paa. Mama aliendelea kuchambua kunde, lakini polepole.

"Nyar Usenge," nikasema kwa sauti ya mwenye boma, "wewe ndiye mke wa nyumba ya kwanza. Bila wewe hakuna mbegu inayotoka hapa."

"Najua," akasema. "Kwani mimi ni mgeni? Nenda nyuma ya jiko langu, halafu unipigie."

Akakata.

Mwanamume hana shughuli nyuma ya jiko la mkewe, wala mtu mwingine haendi huko mwenyewe akiwa hayupo, na tangu aondoke sikuwa nimepita upande huo. Nilisimama pale nikishika simu. Mama ndiye aliyeinuka kwanza. Akaweka ungo chini, akajishika kiuno, akazunguka jiko, na sisi wanaume wawili tukamfuata.

Yalikuwa mahindi. Mistari miwili mifupi, kando ya jivu, imeota sawasawa, kila jani limefunguka na tone la mvua katikati. Hapakuwa na boga hata moja. Mbegu zilikuwa zimekaa kwenye udongo mkavu zikingoja, na mvua ilipokuja ziliota kabla ya za mtu yeyote Katito.

Mama aliyatazama, kisha akanitazama mimi.

"Nani alichimba?"

"Ni mimi."

"Mlitoka pamoja?"

"Asubuhi ile alipokwenda."

"Na ulikuwa umelala hapa, kwako?"

"Nililala hapa, mama."

Zaidi ya hapo mama hamwulizi mwanawe. Hakuhitaji. Alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika, akafunika mdomo kwa ncha ya leso.

"Mbegu ilishatoka," akasema. "Tumekaa bure."

Mdogo wangu hakungoja aseme mara ya pili. Alikwenda mbio, hata kwaheri hakuniambia, na baada ya muda mfupi nilimsikia mkewe akipiga vigelegele shambani kwao. Mama naye akarudi kwenye kunde zake, bado anacheka. Mimi nikabaki nyuma ya jiko na yale mahindi.

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Hakuvunja mila hata moja. Aliifuata yote, kuliko mimi, na kwa kuifuata akaninyang'anya kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumwitia. Aliikamilisha mapema, akaiacha nyuma ya jiko mahali ambapo hakuna mwanamume angepita, akaingia kwenye gari. Na nilipofika hapo katika mawazo yangu nikakumbuka usiku ule, jinsi alivyokuwa mpole.

Simu ikaita. Ni yeye, hakuweza kungoja.

"Imeota?"

"Imeota."

"Yote?"

"Yote." Safari hii sikuweka spika, ingawa sasa nilikuwa peke yangu. "Ulisema ni maboga."

"Ningesema mahindi ungechimba?"

Niligusa jani moja kwa ncha ya kiatu.

"Nilijua utaniita nyumbani," akasema, bila ukali. "Nilijua tangu siku ulipobandua ile ramani bila kusema neno zaidi. Kitu sikujua ni utaniita nikiwa wapi."

"Na usiku ule?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia ndogo, kama ya mtu mwingine. "Usiku ule ulikuwa wangu, ama wa safari?"

Upepo wa Namibia ulivuma kwenye sikio langu. Nilisikia wenzake wakimwita, nikasikia mlango wa Land Cruiser, ule wa kushoto, ambao nilikuwa nimeutia grisi ili usilie. Haukulia.

"Ulikuwa wa vyote viwili, Baba," akasema. "Wacha niende, giza lisitukute barabarani."

Walifika Cape Town. Picha ninazo. Alirudi mahindi yakiwa yanachomeka, tukayala sote bomani, yeye akisimulia, na mama akimwomba arudie kwenye maporomoko. Ramani aliileta ikiwa imekunjwa vizuri, nikaibandika tena palepale ukutani, na wateja wakiniuliza ule mstari wa bluu ni wa nani nawaambia ni wa fundi mmoja asiyejua beringi. Ule mwekundu hawauulizi. Neno lake lile nimelipima mara nyingi, nikiwa nimelala chini ya magari ya watu: vyote viwili. Najaribu kujua changu kilikuwa kipimo gani, na cha barabara kilikuwa kipimo gani. Ninachojua kwa hakika ni kwamba ruhusa ya kwenda mpaka nchi kavu inapoishia nilimpa mimi, kwa jembe langu mwenyewe, nikipiga miayo.